Waridi la jangwani likinyauka, usikimbilie maji

Masika yakishakolea hapa Dar, ujumbe ni uleule: "Ua langu limenyauka, naongeza maji lakini wapi." Ukiuliza ni ua gani, mara nyingi ni waridi la jangwani, lile lenye shina nene kama tumbo na maua ya waridi au mekundu. Linanyauka huku udongo umelowa chepechepe, na mwenyewe bado ameshika ndoo.

Mmea huu (Adenium obesum) asili yake ni sehemu kavu, kuanzia huku kwetu Afrika Mashariki hadi Omani na Yemeni. Maji yake unaweka tumboni. Hauogopi kulowa, unaogopa kukaa kwenye maji. Mizizi hupumua, na udongo ukijaa maji siku nyingi hewa inakosekana, mizizi inaanza kufa. Hapo ndipo vimelea kama Phytophthora, Pythium na Fusarium vinapopata mwanya. Mzizi uliokufa haupandishi maji, kwa hiyo majani yanalegea kana kwamba mmea una kiu. Ukimwagia tena, unaongeza tatizo.

Bonyeza tumbo kwanza. Lenye kiu hulegea kote kwa usawa, ngozi ikakunjamana kidogo, chungu ukikinyanyua ni chepesi na udongo ni mkavu. Lililooza hulegea sehemu moja, hasa karibu na udongo au chini yake, kidole kinazama, na pengine linatoa majimaji yenye harufu. Majani ya njano peke yake hayatoshi kukupa jibu. Mwezi Juni na Julai, ubaridi ukiingia, hata ua lenye afya linaweza kupukutisha majani yake.

Ukishajua ni kuoza, usingoje wikendi. Vaa glavu, maana utomvu wake ni sumu inayoshambulia moyo. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hupaka mishale sumu inayotokana na mimea ya jamii hii. Weka watoto na mbuzi mbali na vipande utakavyokata. Ng'oa mmea, suuza mizizi yote, kisha itazame. Mizima ni migumu na myeupe au rangi ya maziwa. Iliyooza ni ya kahawia au nyeusi, na ukiivuta ganda linachomoka likabaki uzi tu.

Kata yote iliyooza kwa kisu kikali, na kila baada ya kukata pangusa kisu kwa spiriti. Kwenye tumbo endelea kukata hadi uone nyama safi isiyo na hata kidoti cha kahawia. Hapa ndipo watu wanaona huruma, wanaacha kidoti kimoja ili tumbo lisiharibike sura, na baada ya muda kuoza kunaendelea kutoka palepale. Afadhali ua libaki nusu. Punguza pia majani ili lisipoteze maji.

Kwenye majeraha paka unga wa dawa ya ukungu yenye mankozebu. Maduka ya pembejeo wanayo, fuata maelezo ya pakiti. Zenye metalaksili ndani yake zinafaa zaidi kwa Phytophthora na Pythium. Mdalasini wa jikoni sina ugomvi nao kwenye kidonda kidogo, ila usiuhesabu kuwa tiba. Kisha lining'inize au lilaze kivulini penye upepo hadi kidonda kikauke kabisa na kuwa kigumu. Inaweza kuchukua wiki au zaidi, na halitakufa kwa kukaa bila udongo. Lipande kwenye udongo mkavu, ngoja tena kama wiki moja ndipo umwagie kidogo, na usiongeze maji hadi uone machipukizi.

Kuzuia ni suala la udongo kuliko kitu kingine chochote. Maua mengi ya barabarani huuzwa kwenye viriba vyenye udongo mzito uliochanganywa na samadi, ambao unamfaa mpapai. Mimi huubadilisha mapema. Natumia sehemu mbili za mchanga mnene wa mtoni au kokoto ndogo, moja ya makaa yaliyopondwa na moja ya mboji. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Ukimwagia maji yasituame juu. Yaanze kutoka chini papo hapo.

Kuna ushauri wa kupanga kokoto chini ya chungu ili maji yatoke. Siukubali. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto. Yanakwama juu yake hadi udongo ushibe. Sehemu yenye maji inakuwa imesogezwa juu tu, karibu zaidi na mizizi. Kokoto zichanganye na udongo wote.

Chungu cha udongo ni bora kuliko plastiki, na kisiwe kikubwa kupita kiasi. Vile vya saruji hakikisha vina matundu, vingine vinauzwa bila hata moja. Ondoa sahani ya chini, inua chungu juu ya matofali, na wakati wa masika kisogeze chini ya paa mahali ambapo jua bado linafika. Na anayekusaidia nyumbani aambiwe wazi kwamba mpira wa bustani haupiti hapa kila asubuhi.

Tumbo likiwa limeoza lote, kata matawi ambayo hayajaoza, yakaushe, uyapande. Yataota na kutoa maua, lakini kwa kawaida tumbo zuri hupatikana kwa mmea uliotoka kwenye mbegu. Kama ulilipendea tumbo, nunua jingine la mbegu, na umwombe muuzaji akufungulie kiriba uone mizizi kabla hujatoa hela.