Mwanangu, kuhusu mjukuu wangu na wenzie wa bwenini

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiliza mara tatu jana usiku, ya mwisho nikiwa nimeshazima taa. Nimeelewa, mjukuu wangu kapiga kwa simu ya matroni analia, form one wenzie hawataki kukaa naye mezani kwa sababu katokea Kayumba, shule ya msingi ya serikali, miaka saba kasomeshwa kwa Kiswahili sasa anachanganya "he" na "she", wao wametoka ingilishi midiamu basi kila akifungua mdomo wanaangaliana. Unauliza umhamishe au umwache. Ntakujibu, ila kwanza kuna kitu sijawahi kukwambia, hata marehemu baba yako hakukijua.

Form five nilisoma kule Iringa, 1986. Hadithi za baridi nimekupigia sana. Ya mdahalo sijakupigia.

Siku zile serikali inakupanga mbali na kwenu makusudi, mchanganyike. Tukachanganywa kweli, mabweni, kombi, mpaka vitanda. Lakini jioni ukiingia bwaloni unakuta kila mtu karudi kwao: wa Kagera meza yao, wa Kilimanjaro yao, walokole na biblia zao karibu na mlango, na sisi wa pwani, Tanga, Bagamoyo, Dar, meza ya dirishani. Hakuna aliyetupanga hivyo. Na sheria tulikuwa nazo, hazijaandikwa popote: huombi kitu bila kusema naomba, hukombi bakuli, humwiti mtu kwa kupayuka toka mlangoni, kanga huvai jina limepinduka. Mi nasema siku zote, kundi halikwambii sheria yake mpaka uivunje.

Kulikuwa na msichana wa Shinyanga, kitanda chake kimepakana na changu. Sweta lake la kijani viwiko kavishona kwa uzi mweusi, mishono midogomidogo ungedhani ya cherehani. Huyo ndo alikuwa akisema "nalalaga mapema", "mama anapikaga", ile ga ya kanda ya ziwa unayoijua. Sisi tukambandika jina, Huwaga. Nasema sisi. Aliyeanza ni mimi.

Ijumaa moja tukawa na mdahalo, siku hiyo ukawa wa Kiswahili, mada elimu ya wasichana. Kasimama mbele anaongea vizuri mpaka mwalimu kaacha kuandika anamwangalia tu, af akasema "baba zetu wanasemaga", nami nikavuta "gaaa" kwa sauti ya chini, benchi zima likadaka, ukumbi ukacheka. Hakulia. Aliikunja karatasi yake mara mbili, akaikunja tena, na tena, mpaka ikawa kama kidole, akaisokomeza kwenye mkono wa sweta akaenda kukaa. Mpaka tunamaliza form six 1988 sikumsikia tena akisimama kusema mbele za watu, na kitanda chake kiko palepale, asubuhi ananisalimia, namjibu.

Najiambia tulikuwa watoto. Hapana, miaka kumi na nane si mtoto, na ningemtukana tusi la kawaida ningepewa adhabu, nilichagua kitu ambacho hakina adhabu. Af tena najiambia, tungejuaje, mtu hajawahi kutoka Tanga anadhani Kiswahili chao ndo Kiswahili chenyewe. Na hilo nalo kweli. Yote mawili kweli, na bado hilo la pili halinisaidii.

Mungu akanipeleka Shinyanga kufundisha, 1991, hukohuko ulikozaliwa. Wiki ya kwanza bombani, wanawake wakifika wanakunja goti wanawaamkia wakubwa kwa Kisukuma, mwangaluka, mi nimesimama wima na ndoo yangu, "hamjambo". Hawakunicheka. Walinyamaza tu, foleni ikasogea, nikawa naona migongo ya watu. Wiki tatu nzima. Aliyenifundisha ni yule mama uliyekuja kumwita Bibi Dagaa, siku moja alinishika bega akalikandamiza chini taratibu, wala hakusema neno, nikakunja goti. Kundi halikwambii sheria yake, nakwambia. Mpaka mmoja wao akushike bega.

Na wewe ukakua unasema ga. Baba yako anakusahihisha, mi nanyamaza, mkadhani sijali. Leo naisikia Dar nzima, redioni, madukani, na jana kwenye voisi yako, "huwaga analia usiku". Ndo maana niliirudia mara tatu.

Sasa umhamishe? Ulimi unaniwasha hapa. Ukimhamisha atakuta meza nyingine na sheria zake. Ukimwacha, mi najua ile karatasi ilivyokunjwa. Wewe ndo mama yake, sitaki kukuamulia, ila kama angekuwa wangu mi ninge... basi, naacha. Jumapili ukipiga kwa matroni usimuulize mtoto nani anamcheka. Muulize kama kuna hata mmoja anayemwekea nafasi mezani. Akikutajia jina niambie. Asipokutajia niambie vilevile, nauli ninayo, nakuja sikuhiyohiyo.

Mama yako