Umeingia bendi Nairobi na unataka kuzijua simfoni? Anzia hapa

Wengi wenu mnaojiunga na bendi zetu za ala za kupuliza mmetoka Jeshi la Wokovu, bendi za shule au skauti. Noti mnasoma, muziki wa gwaride mnaupiga bila kutazama karatasi, na nyimbo za ibada hazina shida kwenu. Kisha mtu anawaambia kwamba kuna simfoni (kazi kubwa za muziki wa ala, mara nyingi zenye sehemu kadhaa) zilizotungwa kwa ajili ya bendi tangu mwanzo, si zile za okestra zilizoondolewa violini, na mnataka kujua pa kuanzia.

Ninawaambia ninachowaambia wanaokaa karibu nami kwenye safu ya klarineti: tarehe ziache kwanza. Kila simfoni iulize ilipigwa wapi mara ya kwanza, na ni nani aliyepewa tuni. Ukishapata majibu hayo mawili, utajua namna ya kuipiga hata kabla kiongozi hajafungua mdomo.

Chukua Ufaransa baada ya Mapinduzi ya 1789. Sherehe za taifa zilihamia viwanjani, mbele ya umati mkubwa, na violini uwanjani hazifiki mbali hata uzipange hamsini. Kwa hiyo François-Joseph Gossec, Étienne Méhul, Charles-Simon Catel na wenzao wakaiandikia bendi ya Walinzi wa Taifa pale Paris, iliyokuwa chini ya Bernard Sarrette. Simfoni za wakati huo ni fupi, nyingine hazimalizi hata kikombe cha chai. Tarumbeta na honi hazikuwa na vali bado, yaani vile vibonyezo vya kubadilisha noti, zilitoa noti zake chache za asili tu, na tuni ikabaki kwa klarineti. Mpiga tarumbeta akinung'unika kwamba karatasi yake ina noti tatu zilezile, mweleze sababu, kisha ahesabu mapumziko yake vizuri. Bendi hiyohiyo ndiyo chimbuko la konsavatoa ya Paris, yaani chuo cha muziki, iliyoanzishwa 1795.

Ukitoka hapo nenda kwa Hector Berlioz, mwaka 1840, na huyu nataka mkae naye. Serikali ya Ufaransa ilimwagiza muziki wa kuadhimisha miaka kumi ya mapinduzi ya Julai 1830. Mabaki ya waliouawa yalikuwa yakihamishiwa chini ya nguzo mpya kwenye uwanja wa Bastille, na muziki ulitakiwa uyasindikize barabarani. Akaandika Grande symphonie funèbre et triomphale (Simfoni Kuu ya Mazishi na Ushindi), sehemu tatu, kwa wapigaji wapatao mia mbili. Sehemu ya kwanza ni ya kutembea na jeneza: hatua nzito, tuni ndefu isiyo na haraka. Ya pili ni mahubiri ya mazishi, na mhubiri ni tromboni moja. Ya tatu ni shangwe.

Hiyo tromboni isikilizeni kwa makini. Inaanza kama mtu anayezungumza: sentensi fupi, kimya, sentensi nyingine, kila moja na pumzi yake. Baadaye ndipo inapoimba. Vijana wengi huipiga kama solo ya harusini, kwa nguvu moja kuanzia juu hadi chini, na mahubiri yanapotea. Mpigaji ajifunze kwanza kuyasema maneno yoyote ya msiba kwa mdomo kwa mwendo ule, ndipo ashike ala. Walio nyuma yake kazi yao ni kutokohoa.

Siku yenyewe, tarehe 28 Julai, mambo hayakuwa mazuri. Muziki ukiwa unaelekea mwisho, askari wa Walinzi wa Taifa walianza kuondoka wakipiga ngoma zao, na shangwe ya Berlioz ikamezwa. Aliyewahi kupiga Siku ya Jamhuri huku ndege za jeshi zikipita juu ya kichwa atamwelewa. Bahati nzuri mtunzi alikuwa amehofia hilo mapema, akawaalika watu kwenye mazoezi ya mwisho ndani ya ukumbi, na huko ndiko muziki uliposikika kweli. Ndiyo sababu nasema ulizeni ilipigwa wapi. Sauti zilizorundikwa kwa wingi namna ile ziliandikwa kwa ajili ya barabara. Mkiipiga ndani ya ukumbi mdogo hapa mjini, punguzeni watu kwenye kila sauti, la sivyo mtawatoa wasikilizaji mlangoni.

Wapiga saksafoni, na Nairobi mko wengi, msijitafute humo. Adolphe Sax alipata hataza (haki ya uvumbuzi) ya ala yake 1846, miaka sita baada ya simfoni hiyo.

Miaka mia inayofuata mnaweza kuipita mbio. Kuna Paul Fauchet wa Ufaransa, 1926, na Nikolai Myaskovsky wa Urusi, ambaye simfoni yake ya 19, ya mwaka 1939, ni ya bendi tupu. Sikilizeni mara moja, mjue zipo.

Mambo yalibadilika Marekani kwenye miaka ya 1950. Bendi zilikuwa zimeingia vyuo vikuu, zinakaa chini, ndani ya kumbi, zinafanya mazoezi muhula mzima. Mwaka 1952 kiongozi wa bendi Frederick Fennell alianzisha kundi lake la ala za kupuliza katika shule ya muziki ya Eastman, mpigaji mmoja kwa kila sauti kwa sehemu kubwa, ili kila ala isikike ilivyo. Mwaka mmoja kabla yake, mtunzi Paul Hindemith alikuwa ameongoza mwenyewe onyesho la kwanza la Simfoni yake katika B-flati, Washington, na bendi ya Jeshi la Marekani. Fungua sehemu ya pili: koneti na saksafoni alto wanaongea, huyu akisema yule anafuata na neno lilelile. Saksafoni, hatimaye mmefika. Ila sehemu ya mwisho, sauti zinapofukuzana moja baada ya nyingine, ni ngumu kwelikweli. Bendi changa ikiniuliza kama iijaribu, nasema hapana bila kufikiri.

Mimi ningeanza na Mmarekani Vincent Persichetti, Simfoni ya 6, mwaka 1956, iliyoagizwa na chuo kikuu cha Washington kilichoko St. Louis. Ina sehemu nne na inachukua kama robo saa. Humo ngoma na vyombo vya kugonga haviko nyuma kushika mwendo tu. Vinapewa tuni vivishike, vijibu, na wakati mwingine vibaki peke yake. Kwa bendi zetu hili ni somo gumu, maana wengi tumezoea kumpa ngoma yule asiyesoma noti. Kwa Persichetti huyo atakwama dakika ya kwanza. Sehemu ya pili ni tuni ya ibada, polepole, na waliokulia kanisani wataipenda mara moja.

Hapo ndipo pumzi inapoonekana. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na mwenzetu aliyetoka Mombasa juzi atahema kabla sentensi haijaisha. Pokezaneni: wawili mnaokaa pamoja muwekeane alama za penseli, mmoja avute hewa katikati ya noti ndefu, mwingine apite. Msivute wote kwenye mstari wa kugawa mapigo, maana kila mtu ndivyo anavyofanya na shimo linasikika. Mwezi wa Julai, ukumbi ukiwa baridi, sauti za ala za kupuliza zinashuka chini ya noti yake. Ipashe moto ala yako kwa kupuliza hewa bila sauti, kisha ndipo uisawazishe na wengine.

Obo na basuni ni adimu hapa. Nakala nyingi za bendi zina noti ndogo za ala inayokosekana, ziko kwa klarineti au saksafoni. Zipigeni. Ila mwenye obo akitokea, mwachieni. Nimeona watu wakiendelea kupiga juu yake kwa mazoea.

Za karibuni nitataja tatu. Johan de Meij wa Uholanzi, simfoni yake ya kwanza ilipigwa Brussels 1988 na ni ndefu, zaidi ya nusu saa. David Maslanka, Simfoni ya 4, ina ile tuni ya kale ya Zaburi ya 100 ambayo makanisa mengi hapa huimba, na inapofika kwa nguvu zote utaitambua. Na John Corigliano, Circus Maximus, 2004, amewazungusha wapigaji kote ukumbini na kumaliza kwa mlio wa bunduki. Kuomba kibali cha hiyo bunduki hapa Nairobi siwezi kumshauri mtu.

Kuhusu karatasi: za Gossec na Berlioz hazina mwenye haki tena na zinapatikana bure mtandaoni. Za Persichetti na waliofuata hununuliwa au hukodishwa. Kabla bendi haijachanga pesa za seti nzima, nunueni nakala ya kiongozi peke yake (ile yenye noti za ala zote), mkae nayo mezani huku mkisikiliza rekodi, na kila mmoja aweke alama mahali ambapo ala yake imepewa tuni. Mkikuta tuni imekaa kwenye ala msiyo nayo, tafuteni simfoni nyingine.