Ukipita Hong Kong kufuata mzigo, tenga siku moja ukaone mawe ya Sai Kung

Wabongo wengi wanaopita Hong Kong wakielekea Guangzhou wanalijua jengo la Chungking Mansions pale Tsim Sha Tsui, wanajua pa kubadilisha hela na pa kula biriani, imeisha hiyo. Sasa mi nakwambia ukibakiwa na siku usiimalizie kwenye maduka ya simu, amka mapema uende Sai Kung, mashariki huko, ukatembee kwenye jiopaki yao, yaani hifadhi ya miamba. Ukimsimulia mtu habishi tu, anacheka kabisa, eti kwenye jiji la maghorofa vile kuna milima mitupu, ng'ombe wanakatiza barabarani bila mchungaji (wakulima waliacha kulima zamani, ng'ombe wakabaki wenyewe), halafu kuna ukuta wa mawe ya pembe sita yamesimama bega kwa bega mpaka baharini.

Tuanze na mawe maana ndo yanayokupeleka. Miaka kama milioni 140 iliyopita pale palikuwa na volkano kubwa kupita kiasi, ikalipuka, ikaporomokea ndani, shimo likajaa majivu ya moto. Yale majivu yakashikana yakawa mwamba, na kadiri yalivyokuwa yanapoa taratibu yakasinyaa na kupasuka kama tope la lambo wakati wa kiangazi, ila hapa nyufa zilishuka chini kabisa ndo zikaacha nguzo. Nguzo moja upana wake mita moja na ushee hivi, na zingine zinapanda mpaka mita 100. Kinachowapagawisha wanajiolojia ni kwamba nguzo za namna hii sehemu nyingi, mfano Giant's Causeway kule Ireland ya Kaskazini, ni basalti, lile jiwe jeusi la lava, wakati hizi ni za majivu yenye silika nyingi (madini yaliyomo hata kwenye mchanga na kioo) kwa hiyo zina rangi ya mpauko, njano fulani inayoelekea kwenye kahawia. Sogea karibu uweke mkono, utaona chembe chembe za fuwele zinameta ndani ya jiwe. Watu wengi wanapiga selfi kwa mbali wanaondoka, wanakosa hilo.

UNESCO waliipa hadhi ya jiopaki ya dunia 2015, familia moja na Ngorongoro Lengai yetu iliyoingia 2018. Sisi volkano yetu bado inapumua, yao ilishakufa zamani, lakini kwa vibao vya maelezo na njia za kutembelea wametuacha mbali, tuseme ukweli.

Pa kwenda ni East Dam, bwawa la High Island. Zamani pale ulikuwa mkono wa bahari kati ya kisiwa na bara, wakaziba huku na huku kwa kuta mbili wakajaza maji baridi ya kunywa, kazi ikakamilika mwishoni mwa miaka ya 70. Upande unaopigwa na mawimbi wamerundika madude ya zege yanaitwa dolosi, moja tani 25, na ubunifu wake ulitoka bandari ya East London, Afrika Kusini, kwa hiyo ukifika pale jisikie nyumbani kidogo. Shuka na njia ya chini utakuta nguzo zilizopinda kama herufi S, inasemekana zilisukumwa kabla mwamba haujakaza vizuri, na katikati yake kuna mkanda mweusi wa basalti uliopenya baadaye. Mi hapo ndo huwa naganda, mwamba mgumu vile halafu umepinda!

Usafiri sasa, na hapa ndo watu wanajimaliza. Panda treni mpaka Choi Hung, toka nje chukua minibasi ya kijani 1A mpaka Sai Kung mjini. Kutoka hapo kuna basi 94 linalokushusha Pak Tam Chung, na wengi wanaanzia hapo kutembea kwenda bwawani, kama kilomita 9 za lami, wanafika kwenye mawe wamechoka hawataki hata kusoma kibao. Ushauri wangu geuza, chukua teksi Sai Kung ikupeleke mpaka East Dam kwenyewe (magari binafsi hayaruhusiwi kuvuka geti bila kibali, teksi zinapita), angalia mawe ukiwa na nguvu zako, halafu ndo urudi kwa miguu polepole pembeni ya maji mpaka Pak Tam Chung ukadake basi. Ukitegemea teksi ya kurudi siku ya kazi utakaa sana pale. Jumapili na sikukuu kuna minibasi 9A inafika bwawani ila foleni yake jiandae kisaikolojia, na ratiba angalia kwenye simu kabla hujatoka.

Ukiwa na miguu zaidi, kabla ya kurudi endelea na njia ya watembea kwa miguu ya MacLehose mpaka ufukwe wa Long Ke, mchanga mweupe kweli, si mbali, ila hakuna walinzi wa kuogelea. Kile kilima cha kuangalia kisiwa cha Po Pin Chau kwa juu, ambacho kila mtu anapost, mi sikushauri, njia si rasmi, udongo unateleza na chini ni bahari.

Nenda kuanzia Oktoba mpaka Februari. Juni hadi Septemba ni joto la kuzimia na vimbunga, kivuli hakuna na duka bwawani hakuna, beba maji lita mbili tatu, kofia, raba zenye meno. Taka zako rudi nazo, mapipa kwenye njia za milimani waliyaondoa yote 2017. Na jiwe usiokote hata dogo, ni kosa.

Ukirudi Sai Kung jioni njaa itakuwa inakuuma, na ufukweni pale kuna samaki wazima kwenye matangi unachagua mwenyewe wanakuvukishia. Uliza bei kabla hawajamtoa kwenye maji, na ujue ile bei iliyoandikwa ni ya "catty" moja, kipimo chao cha uzito, gramu 600 hivi, sio kilo.