Lundo la viazi huozea katikati kwanza

Viazi mviringo vikioza ghalani, lawama huangukia mbegu au mvua. Kagua kwanza ukubwa wa lundo.

Kiazi kilichochimbwa bado kinapumua na kutoa joto. Kila kiazi kinachangia, ila joto hutoka nje kupitia uso wa lundo tu. Lundo la mita 1 kila upande ukilifanya mita 2, viazi vinakuwa mara 8, uso mara 4. Kama hewa haipiti ndani, tofauti ya joto kati ya katikati na nje nayo hufika mara 4 hivi. Joto likipanda, viazi hupumua kwa kasi zaidi na kuongeza joto jingine. Oksijeni ikipungua, kiazi huwa cheusi moyoni huku ganda linavutia mteja.

Kwa ghala la kawaida la Umalila, Uporoto au Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, kimo kisizidi mita 1 na upana mita 1.5. Urefu acha uende utakavyo, maana joto hutoka kwa njia iliyo fupi. Rundika juu ya kichanja cha mianzi chenye nafasi, sentimita 30 kutoka chini. Fungua matundu usiku, funga jua likipanda. Baridi ya Juni na Julai huku kwetu ni jokofu la bure, isipokuwa panapoanguka sakitu, yaani umande ulioganda. Tandaza nyasi kavu juu: hewa yenye unyevu hupanda, ikakutana na baridi na kuwa maji. Tabaka la juu likilowa, usikimbilie kulaumu paa.

Kabla ya kurundika, viazi vikae wiki 2 gizani penye hewa ili ganda likomae. Usivioshe. Vilivyokatwa na jembe, kuleni au uzeni.

Magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kiasi na kubanana, ni lundo lilelile, tena lenye michubuko.

Udogo nao una adhabu yake. Kiazi kidogo kina ganda kubwa kwa uzito wake, hivyo husinyaa mapema. Kitoke ghalani kwanza. Mbegu ndiyo pekee ya kutandaza tabaka 2 au 3 kwenye mwanga hafifu, kwa kuwa haiendi jikoni, haidhuru ikigeuka kijani.

Funga kipimajoto kwenye fimbo, ukichomeke sentimita 50 ndani kila asubuhi. Katikati pakizidi kupanda siku hadi siku wakati kingoni pametulia, bomoa lundo siku hiyohiyo, uchambue, ulipange upya likiwa nusu ya kimo.