Kidimbwi cha vyura uani: kazi ni mwanzo wa mvua tu

Kila anayekiona kidimbwi changu hapa Tanga huuliza swali moja: na mbu je? Ana haki. Malaria tunaishi nayo, dengi nayo hutupitia, na anayechimba shimo la maji uani kwa hiari yake lazima awe na jibu. Langu ni kwamba kidimbwi cha vyura hakina shughuli karibu mwaka mzima, ila mvua zinapoanza kuna wiki mbili tatu za kukaa macho. Kama huna nafasi ya wiki hizo, usichimbe.

Mbu wa malaria hupenda hasa maji mapya, yaliyotulia, yenye jua na yasiyo na majani. Kutoka yai hadi kuruka humchukua siku 7 hadi 14 hivi. Wadudu wanaowala watoto wake, kama wana wa kereng'ende, huchelewa kufika, kwa hiyo hapo katikati mlinzi ni wewe. Mimi hushuka asubuhi na chujio kuukuu la chai. Viluwiluwi vya mbu wa malaria hulala bapa chini ya uso wa maji; vya mbu wengine huning'inia kichwa chini. Kivuli chako kikipita vyote huzama vikijinyonganyonga. Tulia kidogo tu, vitapanda kuvuta hewa, uvizoe. Vikizidi, kuna dawa ya kibayolojia ya viluwiluwi inayotengenezwa Kibaha. Muulize bwana afya wa kata yako. Oili chafu hapana kabisa, maana chura hupumua kwa ngozi pia. Wala usitegemee watoto wa chura wakumalizie mbu. Wengi wao chakula chao ni mwani na mabaki ya majani.

Kuchimba si kazi kubwa. Changu kina mita 2 kwa 1 na nusu, katikati kina cha goti, na upande mmoja una mteremko mrefu ili chura mchanga apate pa kupandia. Chini nilimwaga mchanga, juu yake nailoni nyeusi nzito. Saruji sikutaka: ikiwa mpya hutoa chokaa majini, na utailoweka na kumwaga maji mara kadhaa kabla hayajafaa. Maji bora ni ya mvua kutoka paani. Ya bomba yakae kwanza kwenye ndoo wazi siku moja mbili, klorini ipungue.

Baada ya hapo, kazi yako ni kukataa. Kataa samaki, hata ukipewa bure, maana perege hula mayai na viluwiluwi vya chura, na kambare ndiyo usiseme. Kataa bata. Kataa magugumaji, wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanayajua. Usibebe vyura kutoka mtoni pia, kwani kuna maradhi ya kuvu ya ngozi yanayosafiri nao. Watakuja wenyewe.

Ila acha tawi moja liiname juu ya maji. Kwetu pwani kuna chura wa mti ambaye jike lake hutoa ute na kuupiga kwa miguu ya nyuma mpaka unaumuka kama yai kwenye bakuli. Povu hilo jeupe hukauka nje, ndani likabaki bichi na mayai yake. Siku chache baadaye sehemu ya chini hulegea, viluwiluwi vikaanza kudondoka majini, tone baada ya tone.

Januari na Februari kidimbwi kikikauka, nakiacha kikauke. Vyura wengi wa huku wamezoea maji ya msimu, na ukavu huua viluwiluwi vya mbu vilivyobaki. Hapo ndipo napitisha reki kutoa majani yaliyooza. Usafi wa mwaka umekwisha.

Mwenye watoto wadogo aweke wavu mgumu juu, maana hata maji ya goti huzamisha. Majani marefu pembeni yafyeke, nyoka hufuata vyura. Kelele za masika hazina dawa: chimba mbali na dirisha la chumba chako, na la jirani vilevile.