Niulize kwanza soksi za kulalia ziko wapi: ninavyopanga begi la Kilimanjaro

Kila ikifika Oktoba naanza kupata meseji za aina moja, kaka nimejiandikisha kupanda Kilimanjaro Desemba hii, ninunue jaketi gani? Na mimi kila mara nawajibu jaketi tutaliongelea, niambie kwanza soksi za kulalia umepanga kuziweka wapi. Wengi wanahisi sijaelewa swali lao. Nimelielewa vizuri sana, ila mlima ulinifundisha kwamba kinachomtesa mtu kule juu mara nyingi sio baridi yenyewe, ni baridi ikimkuta ameloa.

Mara yangu ya kwanza nilipanda kwa njia ya Machame. Nilikuwa na jaketi zito zuri, mzula, glovu, kila kitu nilikuwa nacho. Tumetoka getini mida ya saa sita mchana, hata lisaa halijaisha mvua ya msituni ikaanza na haikukata mpaka jioni. Begi langu kubwa lilikuwa na ule mfuniko wake wa mvua nikawa na amani kabisa. Sasa ule mfuniko unafunika nje tu, upande wa mgongoni uko wazi, maji yanateremka kupitia mabegani yanaingia taratibu hadi chini, na chini ndo nilikuwa nimeweka begi la kulalia. Tumefika kambi ya Machame, kama mita 3,000 hivi, giza limeshaingia, nafungua begi nakuta sehemu ya miguuni imeloa chapachapa na soksi zangu zote, pea nne, nilizozikunja vizuri nyumbani Dar, zinakamulika. Usiku ule sikulala. Nilikaa nimekunja magoti nimeshikilia vidole vya miguu kwa mikono, mpaka guide wetu aliposikia natetemeka akaja na soksi zake za akiba za sufu akanipa. Zilikuwa zimefungwa ndani ya mfuko wa mpira usiopitisha maji, alafu huo mfuko uko ndani ya mfuko mwingine. Nilivyozivaa nikaelewa kila kitu.

Tangu siku hiyo nina seti moja ambayo haiguswi. Fulana ya mikono mirefu, suruali ya ndani ya kubana, soksi nene pea moja, mzula mwembamba. Hiyo ni ya kulalia tu, sitembei nayo hata kama nguo zingine zote zimeloa na najisikia uvivu kuvaa soksi mbichi asubuhi. Navaa mbichi hivo hivo, baada ya dakika kumi za kutembea mguu unapata moto wake. Ukishaivaa ile kavu ukatembea nayo, jioni huna kitu.

Kuhusu kuzuia maji, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 2019 kwahiyo ile habari ya kufunga nguo kwenye marambo isahau, tafuta drybagi, zile za mpira unakunja mdomo mara tatu unabana. Mimi ninazo tatu: moja ya begi la kulalia, moja ya seti ya kulalia, moja ya nguo za kileleni. Vingine vikiloa viloe. Kama hela inatosha moja tu basi begi la kulalia na ile seti viingie humo pamoja, usiwaze mara mbili.

Sasa nguo zenyewe. Pamba achana nayo, jinzi ndo kabisa. Pamba ikinywa jasho au mvua inakaa nayo, na kwenye ule ubaridi haikauki, inakunyonya joto mwilini siku nzima. Unataka poliesta au sufu, na habari njema ni kwamba mitumba imejaa hivyo vitu. Mimi nanunua soko la Karume hapa Dar, na nikifika Moshi siku moja kabla napita soko la Memorial, pale utakuta majaketi ya mlimani ya kweli kabisa kwa bei ambayo dukani huwezi kuota. Soma lebo, ukiona neno cotton rudisha. Jaketi la upepo weka mdomo upande wa ndani upulize kwa nguvu, ukisikia pumzi mkononi upande wa pili basi upepo wa kileleni utapita hivo hivo. Koti la mvua ligeuze, mishono ya ndani lazima iwe imezibwa kwa utepe na utepe usiwe unabanduka, alafu omba maji kidogo umwagie begani subiri dakika tano uguse ndani. Muuzaji akikataa, nenda meza nyingine.

Vaa kwa matabaka: fulana ya poliesta mwilini, juu yake flisi (lile sweta laini la poliesta), juu yake jaketi zito, na koti la mvua la kupita juu ya vyote hivyo, kwahiyo lisikubane. Usitegemee jaketi moja kubwa kama la mtu wa Ulaya anayesubiri basi, maana msituni utaiva kwa joto na juu ya kambi ya Barafu utahitaji kila kitu kwa pamoja. Joto linashuka kama nyuzi 6 kila mita 1,000 unazopanda, na usiku wa kileleni nyuzi 10 chini ya sifuri ni kawaida tu, upepo ukiwepo mwili unahisi zaidi ya hapo.

Buti hapana, buti usikodi kama unaweza kuepuka. Nunua mapema, vaa nalo kazini, vaa nalo sokoni, wiki tatu nne. Jaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo na soksi ile nene ukiwa umeivaa, kidole kimoja kiingie nyuma ya kisigino, la sivyo siku ya kushuka kucha zinagonga mbele mpaka zinakuwa nyeusi. Na usiongeze soksi ya pili kwa kudhani ndo joto, buti likibana damu haifiki vidoleni na ndo vinaganda. Buti la mtumba lililokaa stoo miaka mingi likunje kwa nguvu uangalie soli, nyingi gundi na povu lake limeshaoza, zinabanduka njiani.

Begi la kulalia, fimbo na jaketi la manyoya vinakodishwa Moshi na ni sawa kukodi, lakini ingia ndani ya hilo begi palepale dukani, funga zipu mpaka juu. Niliwahi kukodishiwa moja zipu inaishia magotini nikagundua nikiwa kambi ya Shira. Na zile namba za nyuzi kwenye lebo, soma ile ya comfort. Ile iliyoandikwa extreme ni ya mtu kutokufa, haina uhusiano na kulala usingizi. Ukipita Marangu unalala kwenye vibanda vyenye magodoro, njia zingine ni hema, hakikisha una matras nzuri, kile kigodoro cha kutandika chini, maana ardhi inanyonya joto kuliko hewa.

Kitu kingine kinachoumiza wengi ni kumpa mgumu, yaani mbeba mizigo wako, kila kitu. Wagumu wanatembea haraka, begi lako kubwa linaweza kuwa masaa mawili mbele yako. Kwenye begi dogo la mgongoni beba mwenyewe koti la mvua, flisi, mzula, glovu, maji, kitu cha kutafuna na tochi, hata kama asubuhi jua linawaka. Mvua ya mlimani haitumi taarifa. Na tafadhali begi lile kubwa lipunguze, sheria ya hifadhi ni mgumu asizidishe kilo 20 na mizigo inapimwa, lakini hata kabla ya sheria yule ni kaka wa mtu anapanda na shingo yake, usimbebeshe pea tano za viatu.

Usiku wa kileleni: betri na simu vilale na wewe ndani ya begi la kulalia, baridi inamaliza chaji. Chupa ya maji ivalishe soksi na uigeuze kichwa chini, barafu inaanzia juu kwahiyo mdomo utabaki wazi, ule mrija wa kunywea unaotoka kwenye mfuko wa maji mgongoni sahau kabisa unaganda mapema. Glovu ziwe mbili, nyembamba ndani na juu yake zile za vidole vyote kukaa pamoja. Jioni kabla ya kulala jaza chupa maji ya moto, hakikisha kifuniko kimebana, weka miguuni, asubuhi unayanywa. Na wakati wa kuanza kutembea usivae kila kitu, anza ukisikia baridi kidogo, maana ukitoka jasho saa nane usiku, saa kumi litakuganda mgongoni.

Ukirudi Dar usitupie begi la kulalia juu ya kabati likiwa limebanwa kwenye mfuko wake, kwa unyevu wa huku pwani baada ya miezi miwili litakuwa na ukungu na manyoya yatakuwa yamelala hayanyanyuki tena. Anika kivulini siku mbili. Langu linakaa limelegea ndani ya foronya kubwa, linaning'inia nyuma ya mlango wa chumbani, na zile soksi za sufu za guide wangu ziko humo humo ndani.