Holmes kwenye treni: mbona saa moja tu imeisha?

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi ni msomaji wenu wa Majengo, Moshi. Juzi nimejaziwa muvi za zamani kwenye flashi, zile za picha nyeusi na nyeupe, mojawapo ya Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa vitabuni, inaitwa Terror by Night. Tumekaa na bibi tunaangalia, tumenogewa kabisa, saa moja tu imeisha! Bibi kasema nimeuziwa nusu, nikarudi dukani tukagombana na jamaa, anaapa ipo yote. Picha yenyewe giza, sauti inakoroma. Halafu kuna nyingine ya Holmes, steringi ni yuleyule ila wanapanda magari ya farasi, na nyingine tena anapambana na Wanazi. Nimepigwa au?

JIBU: Marahaba mpwa wangu, bibi msalimie sana. Hujapigwa aise, rudi kamwombe radhi huyo jamaa. Terror by Night ni ya 1946 na tangu inatoka ni dakika 60. Enzi zile Marekani tiketi moja ilikuwa inakupa picha mbili, ile kubwa ya mastaa wa gharama na hii ndogo ya kusindikizia, kwahiyo hizi ndogo zilitengenezwa fupi, haraka haraka na kwa hela kidogo. Basil Rathbone kacheza Holmes muvi 14, kuanzia 1939 mpaka 1946!

Farasi na Wanazi ni hivi: mbili za kwanza, zote za 1939, ni za kampuni ya 20th Century Fox, na hao walimuacha Holmes kwenye enzi zake za Malkia Victoria, za magari ya farasi. Kampuni nyingine, Universal, wakaja kuichukua 1942, vita imepamba moto, wakamvuta mpaka wakati wao na muvi tatu za mwanzo wakampa kazi ya kupambana na Wanazi. Na huyo Rathbone kazaliwa hukuhuku Afrika, Johannesburg, 1892.

Sasa hiyo ya treni, mimi naipenda sana. Safari ya usiku London kwenda Edinburgh, kuna mama ana almasi inaitwa Star of Rhodesia, mwanae anauawa humohumo ndani na treni inakwenda, yaani muuaji yumo, anakaa nao, anaongea nao. Mwongozaji Roy William Neill, ambaye kaongoza 11 kati ya zile 12 za Universal, hakuwa na hela ya kutanua mambo, akatumia korido nyembamba na vile vyumba vidogo, na kwangu ndo penye utamu wote. Kama umewahi kupanda treni ya Dar usiku unaijua hiyo korido, mtu akitaka kupita unajibana ukutani mnabaki mnatazamana usoni, sasa fikiria mmoja wa hao unaopishana nao kaua. Rudia pale Holmes anaposukumwa nje treni ikiwa kasi, ananing'inia kwa nje ya mlango, mpaka avunje kioo ndo apate pa kurudia. Mi hapo huwa nashika kiti. Na lile jeneza la mwanzoni mwambie bibi aliangalie vizuri, nisiseme zaidi.

Kinachoniuma ni Watson, yule rafiki na msaidizi wa Holmes. Kwenye vitabu yule ni daktari, kapigana Afghanistan, mtu mwenye akili zake, ila humu Nigel Bruce kapewa acheze mzee wa kuchekesha, anaenda kumhoji profesa wa hesabu anaishia kuhojiwa yeye. Bruce mwenyewe anapendeka, simlaumu, ila Watson kaonewa.

Giza na kukoroma usimlaumu mtu wa flashi. Muvi nne za hii series, hiyo yako ikiwemo, hakimiliki yake ilishaisha kule Marekani, kila mtu akawa anatoa kopi, kopi ya kopi, mpaka sura hazionekani. Ila chuo cha UCLA kina hifadhi ya filamu, na hao walishazisafisha muvi za Universal za Holmes, kwahiyo ukienda mwambie jamaa akutafutie iliyosafishwa, utashangaa mpaka vitambaa vya viti unaviona.

Na bibi akitaka nyingine mchukulie The Scarlet Claw ya 1944, kijiji cha Kanada, ukungu mtupu, kengele ya kanisa inalia usiku na watu wamekaa wanaisikiliza, hakuna anayetaka kwenda kuangalia nani anaivuta.